Ulisikia kwa Nani? Tasnifu Iliyoandikwa Sagalla

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika Voi nimevaa koti la marehemu baba, kwa sababu niliambiwa nitafanya kazi na mtu wa digrii. Nilidhani mtu wa digrii atakuwa na ofisi. Mwalimu Gideoni hakuwa na ofisi. Alikuwa amepanga chumba kimoja nyuma ya duka la nguo, kwenye mtaa wa Waislamu wenye asili ya Pwani. Ndani mlikuwa na kitanda, meza, na rafu ya vitabu iliyosimamishwa juu ya makopo ya mafuta ya taa ili mchwa wasipande.

Aliniuliza lugha ninazojua. Nikamwambia: Kisagalla cha mama, Kidawida cha baba, Kikamba nilichookota kwa majirani tulipokuwa tukiishi kwenye landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, Kiswahili, na Kiingereza cha shule. Yeye alikuwa Mdawida wa upande wa Wundanyi, na Kisagalla alikisikia kwa taabu. Ndiyo maana alihitaji mkalimani.

Hakutaka kuona cheti changu. Alimwita mzee mmoja wa kilima cha Sagalla aliyeshuka sokoni kununua chumvi, akamwomba aeleze jinsi mvua zilivyokuwa utotoni mwake, nami nitafsiri. Mzee alisema kidogo, akanyamaza, akaanza tena, akajirudi. Mimi nikatoa Kiswahili kilichonyooka kama cha redioni.

"Mzee amesema hayo yote?" Mwalimu akaniuliza.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na pale aliponyamaza?"

"Pale alikuwa anafikiri tu."

"Basi niambie alikuwa anafikiri. Akijirudi, niambie amejirudi. Usinipambie mtu, Habeli. Mapambo tuwaachie wenye harusi."

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika kazi ya utafiti, katikati ya miaka ya hamsini, na sikutoka mpaka nilipostaafu.

Vijana wanaoandika tasnifu siku hizi huniuliza kwanza kurasa ni ngapi. Mimi sikuisikia habari ya kurasa mpaka kazi ilipokaribia kwisha. Mwalimu Gideoni alikuwa amesoma digrii ya kwanza Bara Hindi, akarudi kufundisha, kisha chuo kimoja cha ng'ambo kikamkubali aandike digrii ya pili, hiyo mnayoiita uzamili, akiwa hapa hapa nyumbani. Kikamteulia msimamizi, yaani mwalimu wa kumwongoza na kumkosoa. Alikuwa mwanamke Mwingereza aliyefundisha historia hapa Afrika Mashariki. Sisi tulimwita Daktari tu. Hapakuwa na Mtaita mwingine, awe Mdawida au Msagalla, niliyemjua aliyekuwa akiandika kitu cha namna ile, na watu wengi vilimani hawakuelewa kwa nini mwalimu mzima aombe likizo ya mwaka ili akaulize wazee habari ambazo kila mtu anazijua.

Ulikuwa wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikipigana na wapigania uhuru. Hata huku kwetu, ambako hapakuwa na mapigano, mtu anayezunguka na kalamu akiuliza habari za ardhi na maji alitiliwa shaka. Kabla ya kupanda Sagalla ilitubidi kwenda kwa Bwana DC, mkuu wa wilaya, kuomba ruhusa. Mwalimu alieleza kwa kirefu: mila, ukame, ukoo, uongozi wa kale. Bwana DC alimsikiliza huku akitazama dirishani, kisha akasema, "Swali lako ni lipi? Niambie kwa sentensi moja. Ukishindwa kulisema kwa sentensi moja, nami nitashindwa kukusainia."

Mwalimu akasema, "Nataka kujua watu wa Sagalla waligawanaje maji mwaka wa njaa kuu, wakati wa babu zao."

"Hilo naelewa," akasema Bwana DC, akasaini.

Tulipotoka nje Mwalimu alicheka. Alisema amehangaika na sentensi hiyo miezi mingi, na leo ameitoa kwa kuogopa tu. Tangu siku hiyo aliiandika juu ya kila sura aliyoianza. Habari nzuri ikija isiyolijibu swali hilo, aliiweka kando, hata kama ilimuuma. Hicho ni kipimo cha kwanza cha tasnifu, na wengi huangukia hapo: hutaka kuandika kila wanachojua. Tasnifu ya uzamili ina swali moja, nalo liwe swali ambalo mtu mmoja anaweza kulijibu kwa ushahidi alio nao.

Kabla ya kumwuliza mtu yeyote, alisoma kila kilichokwisha kuandikwa juu ya kilima hicho. Hakikuwa kingi: maandishi ya wamisionari wa mwanzo na taarifa za maafisa wa zamani. Kazi hiyo huitwa mapitio. Maana yake si kujaza kurasa kwa majina ya watu; ni kujua wenzako wamefika wapi, usije ukachimba kisima palipokwisha kuchimbwa, au ukasema umegundua jambo ambalo mwenzako alilisema kabla hujazaliwa.

Kisha tukapanda Sagalla. Tulikaa huko majuma mengi, tukilala kwa mjomba wangu, tukiteka maji mbali kama wenyeji, kwa sababu maji Sagalla hayajawahi kuwa mengi. Asubuhi watu walikuwa mashambani, kwa hiyo tulikwenda kwao alasiri. Hatukuanza kwa maswali. Tuliulizana hali, tukaonja uji, tukasaidia kupukuchua mahindi. Mwalimu alikuwa na subira ya ajabu. Mzee akitaka kwanza kueleza ugomvi wake na mkwewe, aliusikiliza ugomvi mpaka mwisho.

Tulichokisikia kilikuwa kimoja kila mahali. Mwaka wa njaa kuu chemchemi zote zilikauka isipokuwa moja, ile ya juu. Nyumba ya Maganga, ambao shamba lao lilipakana nayo, waliizungushia miiba wakaifanya yao. Watu walikuja na vibuyu wakafukuzwa. Mwanamke mmoja aliyekuwa amebeba mtoto aliketi nje ya miiba siku nzima akiomba, akafa hapo hapo, na kibuyu chake kikabaki kimelala mdomo wazi. Kila mtu alikifikia kile kibuyu. Wengine walishusha sauti walipokitaja.

Mwalimu alifurahi. Si kwamba alifurahia kifo cha yule mama. Alifurahi kama mtafiti. Alikuwa na mashahidi karibu ishirini, wanaume kwa wanawake, kutoka pande zote za kilima, na wote walikubaliana. Akaandika sura ya nne: maji hayakugawanywa, bali yalitekwa na ukoo mmoja wenye nguvu.

Nyumba ya Maganga ilikuwa bado ipo. Mkubwa wao wakati huo alikuwa mjane aliyeitwa Bibi Mkawasi, aliyeolewa na mwana wa yule Maganga mwenyewe. Walikuwa watu wa kanisa, wakulima kama wengine, lakini jambo hilo liliwafuata. Watoto shuleni waliitwa "watoto wa miiba." Mjukuu wa Bibi Mkawasi alikuwa ameposwa upande wa Mbololo, na wazee wa mvulana waliposikia habari ya chemchemi walirudi nyuma.

Tulikwenda kwake mara moja. Hakutukaribisha kuketi.

"Mnakuja kuuliza nini?" akasema. "Si mmekwisha kuambiwa na kilima kizima?"

"Tunataka kusikia na kwenu, Bibi," Mwalimu akasema.

"Miaka yote hii hakuna aliyetaka kusikia kwetu. Leo kwa sababu kuna kitabu?" Akaingia ndani.

Mwalimu akaandika kwamba nyumba ya Maganga ilikataa kuzungumza. Tukashuka Voi.

Daktari alikuja kwa treni kutoka Nairobi, kabla tu ya mvua za vuli. Alifikia kwenye nyumba ya wageni karibu na stesheni, akachukua sura zote nne, akasema asisumbuliwe. Kesho yake alituita barazani. Mimi nilikwenda kwa sababu Mwalimu alitaka nieleze jambo lolote la lugha. Daktari hakuwa na maneno mengi ya adabu.

"Sura tatu ni nzuri," alisema. "Ya nne inanisumbua. Una mashahidi wangapi wa hii habari ya chemchemi?"

"Karibu ishirini, Daktari."

"Walikuwepo?"

"Hapana. Walikuwa hawajazaliwa, au walikuwa watoto wa mgongoni."

"Basi si mashahidi. Ni wasimulizi. Kila mmoja alisikia kwa nani?"

Mwalimu akaziangalia karatasi zake. Hakuwa ameuliza.

"Wote wanataja kibuyu," Daktari akaendelea. "Wote wanasema kilikuwa kimelala, mdomo wazi. Watu ishirini hawakumbuki kibuyu kimoja kwa maneno yale yale. Huenda hapa huna ishirini. Huenda una mmoja."

Nilimwona Mwalimu akikaza taya. Likizo yake ilikuwa inakaribia kwisha. Meneja wa shule alikuwa amemwahidi ukuu wa shule mwaka mpya, kwa sharti kwamba awe amemaliza masomo na kurudi. Kurudi tena kilimani kungevunja mpango huo.

"Daktari," akasema, na sauti yake haikuwa ya upole, "wenzetu wa kwenu wakiokota karatasi moja ya padri wa kale, inatosha kuandikia kitabu. Sisi midomo yote ya kilima haitoshi?"

Nilidhani Daktari atakasirika. Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni lake.

"Swali la haki," alisema. "Karatasi ya padri nayo nitaiuliza hivyo hivyo: ulikuwepo, au uliambiwa? Na nani? Alikuwa na sababu gani ya kukuambia? Wako wenzangu wasiouliza, na vitabu vyao ni vibovu. Watahini watakapoisoma kazi yako, wako watakaosema kwamba maneno ya mdomo si ushahidi. Njia ya kuwajibu si kupunguza kipimo. Ni kuyapima maneno ya mdomo kwa ukali ule ule unaopimia karatasi."

Kisha akaongeza, "Na kuna jambo la pili. Hii sura inamtuhumu mtu. Ikichapwa na kuwekwa maktaba, miaka mia ijayo itakuwa ndiyo kweli. Watoto wa hiyo nyumba wataisoma."

Aliondoka na treni ya mchana. Mwalimu alitembea peke yake kuelekea mashamba ya mkonge, akarudi na vumbi jekundu mpaka magotini. Hakusema amekata shauri gani. Alianza tu kufunga mizigo ya kupanda Sagalla.

Tukawarudia wote. Safari hii tulikuwa na swali moja tu: habari hii ulisikia kwa nani? Wengine walikasirika. Mzee mmoja aliniambia, "Wewe mtoto wa Wakio, mama yako alikulea vizuri, tangu lini mtu mzima anaulizwa ametoa wapi neno lake?" Lakini walijibu. Mmoja alisema alisikia darasani. Mwingine alisikia kwa dada yake, aliyekuwa darasa hilo hilo. Mwingine kanisani, kwenye fundisho la uchoyo. Siku zilivyokwenda, njia zote zilielekea mlango mmoja: Mzee Jeremia, aliyekuwa mwalimu wa dini miaka ya nyuma na kuwafundisha karibu wote wa rika lile kusoma.

Mzee Jeremia alikuwa hai. Alikuwa ameshuka Marungu kukaa na mwanawe aliyefuga ng'ombe. Tulimkuta ameketi kwenye kigoda nje ya zizi, macho yamefifia lakini akili timamu. Alifurahi kusikia kwamba wanafunzi wake wanaikumbuka habari ile.

"Niliwafundisha wasiwe wachoyo," alisema. "Watoto hawashiki amri mpaka uwape mfano."

"Na wewe, Mzee, uliipata wapi?"

"Kwa baba yangu."

"Baba yako alikuwepo chemchemini?"

"Baba alikuwa Rabai mwaka ule. Alirudi mvua ziliponyesha." Akafikiri. Nami nilimwambia Mwalimu kwamba anafikiri. "Baba na Maganga walikuwa na kesi ya shamba. Lile la mteremkoni. Maganga alishinda."

"Na mwanamke mwenye kibuyu?"

Mzee Jeremia alipapasa mguu wa kigoda chake. "Huyo," akasema, "sikumbuki kama nilimpata kwa baba. Nilikuwa nikihubiri. Mahubiri yana kazi yake."

Hakusema kwamba alidanganya, na mimi mpaka leo sisemi alidanganya. Alitwaa habari ya upande mmoja akaitengeneza iwe fundisho. Lakini njiani kurudi, Mwalimu Gideoni alisimama akasema, "Ishirini, Habeli. Na wote ni mtu mmoja aliyekuwa hayupo."

Kulipokucha alikwenda kwa Bibi Mkawasi, akasimama uani na kofia mkononi, akamweleza yote, pamoja na kwamba yeye mwenyewe alikwisha kuyaandika kama kweli. Bibi Mkawasi alimtazama, kisha akamwambia mjukuu wake atoe viti.

Alisimulia kwa sauti kavu. Miiba ilikuwepo, baba mkwe wake aliiweka mwenyewe. Lakini ilikuwa ni shauri la wazee wote. Chemchemi ilikuwa ikitoa kidogo kidogo. Watu wakiingia ovyo walikuwa wakiikanyaga ikawa tope. Kwa hiyo waliifunga, maji yakajaa polepole, na kulipopambazuka kila nyumba ilipata kipimo chake. Maganga alikuwa mlinzi kwa sababu aliishi karibu.

"Haya ni yetu," akasema. "Najua mtasema tunajitetea. Basi nendeni Taveta. Mwaka ule kulikuwa na mtoto aliyepita hapo na mama yake wakaenda kutafuta chakula huko, hakurudi tena. Anaitwa Chao. Kama hajafa, mwulizeni yeye. Hajala chumvi yetu wala hakusoma kwa Jeremia."

Tulikwenda Taveta kwa treni ya tawi, ile ipitayo Mwatate na Maktau. Kwenye behewa Mwalimu alinipa maagizo. "Usimtajie chemchemi. Usimtajie Maganga. Mwulize juu ya safari yake tu. Akifika penyewe, sawa. Asipofika, tunarudi mikono mitupu."

Bibi Chao tulimpata upande wa Salaita, mke wa Mtaveta, amezungukwa na wajukuu waliokuwa wakimenya ndizi. Kisagalla chake kilikuwa cha mtoto. Alikuwa amekiacha akiwa na umri wa kung'oka meno. Alicheka kila neno lilipomrudia. Nilimwuliza jinsi walivyotoka nyumbani. Alianza na njaa, na nduguye aliyezikwa. Kisha akasema, "Asubuhi tuliyoondoka tulipitia kwenye maji. Palikuwa na miiba. Mzee mmoja alitupimia kwa kibuyu, mama akampa asante, tukaenda."

Mwalimu hakuinua kichwa. Aliendelea kuandika. Nikamwuliza bibi kama kulikuwa na watu wengine.

"Wengi. Wa kwetu walipanga mstari. Halafu walikuja watu wa chini, wa nyikani, na mizigo. Hao walikatazwa. Mama alinivuta nisitazame." Akaacha kumenya. "Nilitazama."

Hivyo tulipata tulichotaka na tusichokitaka kwa kinywa kimoja.

Sura ya nne iliandikwa upya. Ilikuwa fupi kuliko ile ya kwanza, na haikuwa na mwanamke wa kibuyu isipokuwa pale Mwalimu alipoeleza jinsi habari yake ilivyozaliwa. Ilisema kwamba chemchemi ilifungwa. Kwamba wasimulizi wengi wanaosema ilitekwa wanatokana na chanzo kimoja, chenye mgogoro na mwenye kutuhumiwa. Kwamba vyanzo viwili visivyohusiana vinasema maji yaligawanywa kwa kipimo. Na kwamba kimoja kati ya hivyo kinasema wageni kutoka nyikani walinyimwa. Kila neno lilikuwa na tanbihi, ile namba ndogo inayompeleka msomaji chini ya ukurasa aone nani alisema, wapi, na alisikia kwa nani.

Kabla ya kuipeleka, Mwalimu alisema lazima waliotajwa wasomewe. Sheria ya chuo haikumtaka; alijitaka mwenyewe. Nilimsomea Bibi Mkawasi kwa Kisagalla, uani kwake, mjukuu wake amesimama mlangoni. Alisikiliza akiitikia kwa kichwa, ameridhika, mpaka nilipofika kwa watu wa nyikani.

"Hiyo itoe," akasema.

Mwalimu akasema, "Siwezi, Bibi."

"Mimi ndiye niliyekupeleka kwa Chao."

"Ndiyo."

"Umetuosha mkono mmoja, mwingine ukautia tope."

"Bibi, nikiitoa hiyo, na ile nyingine hakuna atakayeiamini. Watasema nimeandika kwa kuwapendelea. Chao ni mmoja. Siwezi kumwamini anapowasifu na kumkataa anapowalaumu."

Kuku walitembea katikati yetu. Bibi Mkawasi alitazama juu, upande wa chemchemi, na nilidhani atatufukuza kama mara ya kwanza.

"Maji hayakuwa yakitosha," akasema mwishowe. "Baba mkwe alikuwa hapendi kuizungumzia siku hiyo. Tulidhani ni kwa sababu ya maneno ya watu." Akavuta kanga yake. "Iache. Lakini andika na jina langu. Usiseme 'mjane mmoja wa Sagalla.' Andika Mkawasi, wasome wajue nani amesema."

Jina lake liko pale, tanbihi ya sura ya nne. Nimeliona kwa macho yangu.

Tasnifu ilipigwa taipu na karani wa reli, Mgoa mmoja mpole, yaani Mhindi wa Goa, aliyefanya kazi hiyo kila siku baada ya saa za ofisi. Kompyuta hazikuwepo. Aliweka karatasi tano na kaboni katikati. Kosa moja lilifutwa mara tano kwa kifutio kigumu, na ukifuta kwa nguvu karatasi inatoboka. Upande wa kushoto uliachwa ukingo mpana wa kushonea jalada. Mimi nilisoma kwa sauti, karani akapiga. Tanbihi zilimtesa, maana ilimbidi akadirie mapema nafasi itakayobaki chini ya ukurasa. Hakulalamika ila mara moja, alipouliza, "Huyu Mwalimu anaogopa nini, hata kila sentensi ianze kuonyesha pasi kama msafiri?"

Mwaka mpya uliingia kabla hatujamaliza. Ukuu wa shule alipewa mwingine. Mwalimu Gideoni alirudi akawa mwalimu wa kawaida chini ya kijana aliyemtangulia kwa cheo tu, na akamheshimu. Mtahini wa nje, yaani msomaji ambaye hakuwa na uhusiano na mwanafunzi wala msimamizi, aliirudisha kazi mara moja akitaka ramani bora na maelezo ya jinsi wasimulizi walivyochaguliwa. Mwalimu akayafanya. Ikapita. Daktari alikuja mwenyewe kumpa mkono, wakala chakula Voi, wakabishana tena habari ya karatasi za mapadri.

Wengine watataka kusikia kwamba nyumba ya Maganga iliheshimiwa tangu hapo. Tasnifu haisomwi kilimani. Jina la "watoto wa miiba" lilikufa polepole, kama majina yafavyo. Ila Mzee Jeremia, kabla hajafa, alimtuma mwanawe ampandishe Sagalla kwa punda, akaketi na Bibi Mkawasi mchana mzima. Walichozungumza hawakumwambia mtu. Yule mjukuu aliolewa baadaye, na mtu wa Taveta.

Mimi nilifuata kazi. Nilikuwa mkalimani wa watafiti wengine huko Wundanyi na Taveta, wengine wazuri, wengine wavivu. Baada ya Uhuru nilisoma kwa masomo ya posta, nikaingia chuo nikiwa na watoto, nikaandika tasnifu yangu mwenyewe, na mwishowe nikawa msimamizi wa tasnifu za wengine. Nimesoma nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Nimeona zilizojaa maneno makubwa na swali hakuna. Zilizonakiliwa kwa wenzao bila kuwataja, jambo ambalo ni wizi hata likipakwa rangi gani. Na zilizokuwa na hitimisho pana kuliko ushahidi wake, kama shuka la mtoto kwenye kitanda cha mtu mzima. Makosa ya tahajia hurekebishika. Ramani huchorwa upya. Kisichorekebishika ni mtu kutotaka kujua kama amekosea.

Kikao changu cha mwisho cha kutetea tasnifu kabla ya kustaafu kilikuwa cha binti mmoja aliyeandika juu ya uzazi wa mbuzi, ambaye nilimsimamia upande wa mbinu za utafiti. Aliketi mbele yetu, mikono imeshikana mezani, akajibu vizuri. Karibu na mwisho mtahini wa nje akamwuliza kama matokeo yake yangekuwa yale yale kwenye nyanda za juu, penye baridi. Swali lilikuwa la mtego. Wengi hapo hutafuta maneno.

"Hilo sijui, Profesa," akasema. "Mbuzi wangu wote walikuwa wa joto. Nikijibu nitakuwa nabahatisha."

Mtahini aliweka kalamu chini. Mkuu wa idara alinigeukia akaniuliza, kama ilivyo desturi, iwapo mimi msimamizi nina la kuongeza.

Nikasema sina.